Kuku ya Haya

Baraka, tarehe 18 mwezi wa saba, 1976

Kwa Baba Kulthumu, kule Bukavu,

Salamu zangu zitangulie mbele ya barua yenyewe, zikukute umeketi vizuri. Sisi huku tuko bazima, mi na mutoto na mama yangu, ila kikohozi cha vumbi ya kiangazi, na hicho si ugonjwa, ni mugeni wa kila mwaka. Je, we? Ule muguu ulioteguka siku ya Idi umepona kabisa? Usinidanganye sababu niko mbali.

Mama amehamia hapa nyumbani tangu uende. Anasema ekipe yenu ya mupira imemurudishia binti yake, maana ungekuwa hapa angelala wapi, yeye na mukwe wake chini ya bati moja? Jana tulikumbuka ile siku ulikutana naye ku njia ya soko, ukaruka ndani ya shamba ya muhogo na baiskeli yote, ukalala pale mupaka apite. Mama akasema, "Kijana wa heshima. Lakini alivunja mihogo ya batu." Tulicheka sana.

Kulthumu bado hajasimama. Anakaa vizuri, anacheka, anashika kila kitu, lakini ukimusimamisha miguu inakunjika. Pulchérie, jirani yetu, mutoto wake alizaliwa nyuma ya wetu na tayari anafukuza bata. Jana akaniambia, "Mama Kulthumu, wako anakaa kama gunia ya mihogo, unamupeleka lini ku soko?" Nilicheka, sababu ningefanya nini. Kisha nikaingia ndani.

Niambie wanakuangalia namna gani huko. Uliniambia muko mabeki bapya bane na batabaki babili tu. Banajuaje nani atakuwa muzuri na nani hapana, kama munaanza tu? Mi sikusoma sana, lakini nataka kujua, ili nikiomba, niombe kitu chenyewe.

Nicolas, yule dereva wa kamio ya mizigo, atakupa hii na ndagala kidogo za ziwa. Usibagawie batu bote.

Ni mi muke wako,
Mama Kulthumu

*

Bukavu, tarehe 9 mwezi wa nane, 1976

Mama Kulthumu wangu,

Nakusalimu wewe, namusalimu mutoto, na mama-mukwe umupe heshima yangu kutoka mbali, vile nilivyozoea. Niko muzima. Muguu umepona. Ndagala zilifika, bakazisikia harufu mbele yangu, nikabaki na karatasi.

Unauliza banatuhukumu namna gani. Antrenere wetu, mwenye kutufundisha mupira, ni mutu wa Kisangani, hana maneno mengi. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia ku macho, utazani amelala. Siku ya kwanza alituambia: "Beki wa mwaka wa kwanza, mi sihesabu mipira aliyokata. Hata mbuzi akisimama mu kiwanja, mupira utamugonga. Naangalia hatua yake ya kwanza: muguu unaamka mapema, ao unangoja kichwa? Naangalia macho: anafuata mupira, ao kiuno cha mutu? Mupira unadanganya, kiuno hakidanganyi. Na akipitwa akaanguka, siangalii kuanguka. Naangalia anavyoinuka." Alisema tena kwamba beki mupya ni kama muti wa ndizi, haumuvuti juu ili akue upesi, lakini ukiona jani la kati limekauka, unang'oa.

Basi usimusikilize Pulchérie. Kulthumu anangoja hatua yake ya kwanza kama baba yake.

Kipimo chetu ni mutu moja, sitwayeni Asukulu, vile tunaita mabwana siku hizi, mushambuliaji mukubwa wa ekipe, banamuita Kifaru. Kila jioni beki mupya anasimama peke yake, Kifaru anamujia na mupira. Akikupita kama mulango wazi, mwenye ndoo anaandika mu kichwa chake. Mi nimemuangusha mara nyingi kuliko benzangu. Juzi nilimugonga na bega akaviringika mupaka ku muchanga, akainuka anacheka, "We mutoto wa ziwa, unakula nini?" Na antrenere aliinua kofia kidogo! Benzangu banasema hajawahi kuinulia mutu kofia.

Kifaru ni mutu wa kwetu, nazani, anasema Kibembe cha milimani, kule Fizi. Mukono wa kushoto kidole kidogo kimekatika nusu. Nikibaki, kampuni yenye ekipe inanipa chumba mu kambi yake, na we na Kulthumu munapanda kamio. Angalia tu kiuno cha mutoto, si miguu.

Mume wako,
Baba Kulthumu

*

Baraka, tarehe 22 mwezi wa nane, 1976

Baba Kulthumu,

Pokea salamu za furaha, maana leo sina nyingine! Hatuna homa, hatuna deni la kilio, mutoto amekula vizuri. Sikiliza.

Nilikuwa namusomea mama barua yako, yeye anapeta muchele. Nilipofika ku kidole, ungo ukasimama.

"Rudilia hapo."

Nikarudilia.

"Mukono gani?"

"Wa kushoto, mama."

Akaweka ungo chini. "Uyo ni Bonaventure. Hicho kidole ni mi nilikikata. Tulikuwa batoto, tunamenya mihogo nyuma ya nyumba kule Fizi, mi na kisu, yeye na mukono wake usiotulia." Akaanza kulia na kucheka pamoja. Ni mudogo wake, Baba Kulthumu! Baba moja, mama moja! Alienda muji mi nikiwa bado mugongoni, na serikali ilipokataza majina ya Bakristo akachukua jina la babu fulani, njo maana tulisikia habari za Kifaru ku radio ya Pulchérie na hatukujua tunasikia mutu wetu.

Basi uende kwake. Mama anasema uende na heshima yote, usimame mbali, umwambie we ni nani, umwambie dada yake iko hai Baraka. Umusalimie vile unamusalimia mama, sababu kwetu mujomba ni mama mwenyewe, ila amekosa matiti tu. Sasa hauko tena peke yako. Mutu mukubwa wa ekipe ni mujomba wangu, ataachaje mukwe wake afukuzwe?

Nimefurahi mupaka nimemupa Pulchérie sukari.

Muke wako,
Mama Kulthumu

*

Bukavu, tarehe 20 mwezi wa tisa, 1976

Mama Kulthumu,

Salamu. Natumaini mvua imewakuta paa likiwa salama. Mi ni muzima wa mwili.

Nilifanya kama mulivyosema. Nilimungojea nje ya kiwanja, nikasimama ng'ambo ya mufereji, nikavua kofia, nikamwambia. Alifunika uso na mikono yote mbili. Alilia, Zubeda. Lile jitu. Kisha akaangalia umbali wetu, akarudi hatua nyuma, akaniambia akiangalia pembeni, "Mukwe wangu, na nilikuchekea, na uliniangusha mu muchanga mbele ya batu." Nilitaka ardhi inimeze.

Kesho yake antrenere akapiga firimbi. Kifaru na mupira, mi mbele yake. Akaja. Nilijua anaenda kushoto, kiuno kilinionyesha, muguu wangu ukaamka. Na mwili ukakataa. Nilimuona mama yako ku njia ya soko. Nikaruka pembeni, nakuambia, kama siku ile ya muhogo. Na yeye, badala ya kupita, akaruka pembeni upande wake! Mupira ukabaki katikati peke yake, sisi tumesimama kila mutu anaangalia majani. Kiwanja kizima kikacheka. Mumoja akapiga kelele, "Antrenere, hawa ni bibi na bwana arusi, baletee pilau!"

Sasa ni kila jioni. Nikiwa na mushambuliaji mwingine nacheza vizuri, lakini kipimo ni Kifaru, hakuna mwingine. Nilienda kumuelezea antrenere. Alisikiliza mupaka mwisho, kwa kweli. Akauliza, "Na siku ya mechi, nitaulizia kila mushambuliaji wa Kivu kama ameoa kwenu?"

Nilimwambia mujomba, tuko mujini, tufunge macho. Akasema, "Mi nimesahau mambo mengi hapa Bukavu. Dada yangu akisikia nilikuangukia kifuani, nitasema nimesahau na yeye?"

Ulitaka kunipa ndugu, na umenipa. Sikasiriki. Nakuandikia tu vile iko.

Mume wako,
Baba Kulthumu

*

Baraka, tarehe 8 mwezi wa kumi, 1976

Baba Kulthumu, mupenzi,

Nakusalimu nikiwa nimesimama, sababu kukaa sijaweza tangu barua yako. Mutoto alikuwa na homa, imeshuka. Ulale vizuri juu ya hilo.

Nilimusomea mama. Uso wake uling'aa! Akasema, "Unaona? Wote wawili bamelelewa." Nikamwambia, mama, watamufukuza. Akasema, "Wamufukuze kwa heshima?" Nikamwambia ndiyo, mama, huko ndivyo iko, mutu analipwa ili agonge mutu. Akaenda kuteka maji na ndoo ilikuwa bado imejaa.

Nilimuandama siku nyingi. Nilimwambia kuhusu chumba cha kambi. Nilimwambia mutoto anakua bila baba. Mwisho akasema kitu nilikuwa nasikia tu kwa bazee: kuku ya haya. Mama-mukwe mwenyewe anapika kuku, anakata kwa mukono wake, anamupa mukwe kipande na ndugu yake kipande, banakula ku sahani moja wakiangaliana. Wakimaliza, haya imeondoka, banaweza kushikana, kupigana, kuoga muto moja. Nikasema basi, mama, tutume kuku na Nicolas! Akanicheka. "Kuku bila mukono wangu ni mboga tu."

Basi tutakuja. Wote, mama na mi na Kulthumu mugongoni na kuku mu kitunga. Kuku ni ile nyekundu, unaijua, yenye inakudonoa. Tunangoja tu Nicolas amalize salongo, ile kazi ya serikali bila malipo, wamemushika na kamio yake kubeba mawe ya barabara. Mwambie ndoo avumilie kidogo. Mwambie we si jani lililokauka.

Najua ni mi niliandika ile barua ya sukari. Kila asubuhi naiandika tena mu kichwa changu na naiacha bila kidole.

Muke wako,
Mama Kulthumu

*

Bukavu, tarehe 27 mwezi wa kumi, 1976

Mama Kulthumu,

Salamu kwenu watatu na kuku. Naandika haraka, mutu wa Uvira anaondoka.

Siku imewekwa. Mechi ya kuchagua ni siku ya mungu tarehe 14 mwezi ujao, bapya upande moja, bakubwa upande mwingine. Jioni yake antrenere atasoma majina mawili. Mabeki benzangu wawili ni wazito, wanafuata mupira kama bata, anayebaki ni muzuri. Nafasi yangu ingali pale, mi mwenyewe naiona.

Mujomba amekubali kuku. Amenunua hata sahani, sijui kwa nini, nazani ni furaha. Mufike mbele ya tarehe hiyo. Nitakuwa ku kituo cha kamio kila jioni.

Baba Kulthumu

*

Mboko, tarehe 12 mwezi wa kumi na moja, 1976

Baba Kulthumu,

Nakusalimu kutoka Mboko, na sikupenda salamu zangu zitoke Mboko.

Tulitoka Baraka vizuri, mama amevaa kitenge cha kilio cha baba sababu ni chenye nguvu. Mvua ikatupiga. Muto mbele yetu ulijaa, ukabeba daraja, mbao zote zimeenda ziwani. Makamio yamejipanga upande huu, mengine upande ule, madereva banasemezana kwa makelele juu ya maji kama majirani. Nicolas anasema maji yatashuka kesho. Ameanza kusema hivyo siku tulipofika, na kila mara anasema akiangalia matairi, si muto.

Nilitafuta mutumbwi. Ziwa ni baya, mwenye mutumbwi aliangalia mutoto, akaangalia mawimbi, akakataa. Atajaribu yeye peke yake asubuhi kwenda Uvira, njo maana naandika.

Nilimuomba mama aseme tu kwa mudomo. Nilipiga magoti, hapa mbele ya batu ba makamio. Nikasema, mama, sema "nimeondoa haya," niandike, barua ipite juu ya maji. Hakukasirika. Alinishika kichwa, akasema, "Mwanangu, naweza kusema. Nikisema na yeye akimugusa ndugu yangu bila kula, ni mi nitakuwa nimemudanganya." Na analia yeye pia, usimuone mubaya.

Na kuku, wacha nikuambie ucheke kidogo: imeanza kutaga. Kila asubuhi yai mu kitunga, na inapiga makelele kama imefanya kazi tuliyoituma.

Mi nakupa ruhusa. Muke wako anakuambia, mugonge. Najua ruhusa yangu haina uzito, si mi mama-mukwe. Lakini hakuna kingine mu mikono yangu, ni mutoto na kalamu ya Nicolas.

Muke wako,
Mama Kulthumu

*

Bukavu, tarehe 21 mwezi wa kumi na moja, 1976

Zubeda wangu,

Salamu. Nashukuru mutoto ni muzima. Barua ya Mboko imenifikia leo. Nilikuwa ku kituo mupaka jioni ya mwisho, na mujomba upande wa pili wa barabara na sahani yake ndani ya gazeti.

Nitakuambia vile ilikuwa, ili usiisikie kwa mutu. Nilicheza vizuri. Usizani nilicheza vibaya. Bakubwa wengine hawakunipita. Antrenere alisimama kutoka ku ndoo, Zubeda, alisimama. Karibu na mwisho mujomba akapata mupira, yuko peke yake, na mi peke yangu, na nyuma yangu goli. Nilimuona naye hataki, alitafuta mutu wa kumupa, hakukuwa mutu. Akaja. Kiuno kikaenda kulia. Muguu wangu ukaamka mapema, ndivyo hasa tulifundishwa, bega lilikuwa tayari. Na akainua mukono wa kushoto kushika uzito wake, nikaona kile kidole.

Nikamupisha.

Aliingiza. Batu bakapiga makofi. Yeye alienda kusimama nyuma ya goli, hakurudi mupaka walipomuita.

Jioni antrenere alisoma majina, langu halikuwemo. Hakunitukana. Alisema, "Una hatua ya kwanza nzuri kuliko wote niliowaona hapa. Sijui nikufanyie nini." Mujomba atabaki mwaka mwingine, sababu ya ile goli.

Siwezi kurudi sasa. Nitapita mbele ya mama yako na sura gani? Kwa heshima nilimufurahisha, kwa heshima nimemunyima binti yake nyumba. Kuna mutu anatafuta batu wa kazi upande wa Shaba, kule kwa migodi, tutashuka naye. Nikipata mahali nitaandika. Usijibu hapa, hakuna atakayepokea.

Mubusu Kulthumu. Mwangalie kiuno.

Mume wako

*

Baraka, tarehe 6 mwezi wa pili, 1977

Kwa Baba Kulthumu, popote iko,

Salamu zitakutafuta zenyewe, mi nimezituma bila njia. Sisi ni bazima. Nakuuliza habari za kifua na za muguu kama kawaida, na nitangoja jibu kama kawaida.

Tulirudi kutoka Mboko na kuku na mayai yake. Mama alisema kuku anayetaga hapikwi, basi ikalalia, sasa kuna vifaranga saba uwanjani na Pulchérie anavihesabu kuliko mi. Haniambii tena maneno ya gunia. Juzi alileta chumvi bila kuombwa, akakaa, akaondoka. Hiyo iliniogopesha kuliko gunia.

Mujomba Bonaventure alikuja Noeli. Hakuingia, alisimama nje akiita dada yake kwa jina la utoto, mupaka mama akatoka, ungemuona anakimbia, mama yangu anayelalamika magoti. Alileta ile sahani. Alisema uliondoka bila kuaga, alisema alikutafuta ku makamio ya Shaba, kila mutu alimuonyesha upande wake. Aliniomba nimusamehe goli. Nilimwambia goli haina kosa, mujomba. Kosa lina mwandiko wangu.

Mama akaua ile kuku nyekundu, sababu ilikuwa imeshatotoa. Akapika yeye mwenyewe, akakata kwa mukono wake. Alimupa mujomba kipande, akala nusu ya sahani, akiangalia ile nusu nyingine tupu. Kipande chako mama hakutupa. Alikipaka chumvi, akakifunga na kamba ya ndizi, akakitundika juu ya moshi wa jiko. Kiko pale. Kimekauka, kimekuwa cheusi, mama anakigeuza kila juma ili kisioze. Anasema mutu anaweza kukila hata mwaka ujao, haya haisomi tarehe. Ukija, hauhitaji kuruka ndani ya muhogo. Unaingia, unakula, imekwisha.

Sasa la Kulthumu. Nilikuwa napepea moto, yeye chini ananiangalia. Akaona kile kipande kinazunguka juu ya moshi. Akashika ukuta. Miguu haikukunjika. Alisimama, Baba Kulthumu, mukono mumoja ku ukuta na mwingine anaunyoosha juu, anataka nyama yako. Sikuita mutu, niliogopa nikipumua ataanguka. Akaachilia ukuta, akaanguka na matako.

Sikuangalia kuanguka. Aliangalia kwanza kama nimeona. Kisha akaweka mikono chini, akainua kiuno, akasimama tena mahali palepale.

Hiyo barua namupa Nicolas. Ameniuliza ataipeleka wapi, nikamwambia aiweke tu mbele ya kioo cha kamio, upande mwandiko unaonekana. Kuna batu bengi ku barabara.

Ni mi,
Mama Kulthumu